Kansa imerudi kichwani na mionzi ulishapigwa: mwongozo kamili wa mionzi ya mara ya pili

Huu mwongozo ni wa mtu ambaye mgonjwa wake alikuwa na kansa ya titi, mapafu, figo, ngozi au nyingine yoyote, ikasambaa ikafika kwenye ubongo, akapigwa mionzi ya kichwa, akapata nafuu yake, na sasa miezi imepita dalili zimerudi na daktari ametaja mionzi tena. Swali la kwanza la karibu kila familia ni hilo hilo, hivi kichwa kinapigwa mara mbili? Kinapigwa, na sio jambo la kubahatisha, ila sio kwa kila mtu na mara nyingi sio kwa namna ile ile ya mwanzo. Mimi niko upande wa chumba cha mashine na ninachokiona ni kwamba kinachoamua zaidi, kuliko hata ubora wa mashine, ni kumbukumbu za ile mionzi ya kwanza. Anayekuja nazo mkononi kikao cha madaktari kinamjadili siku hiyo hiyo, anayekuja bila kitu wiki zinakatika watu wanapigiana simu na uvimbe haungoji.

Kansa iliyoanzia ndani ya ubongo wenyewe ni habari nyingine, hapa naongelea iliyosambaa kutoka sehemu nyingine ya mwili. Na maamuzi yote ya dozi ni ya daktari wako wa mionzi, mimi nakupa ramani tu usipotee njiani.

Karatasi kwanza, hela baadaye

Kabla hujauza kiwanja na kabla hujampigia yule jamaa wa kuunganisha safari za India, nenda hospitali iliyopiga mionzi ya kwanza. Ukifika usiseme tu "naomba faili" maana utapewa kadi ya kliniki yenye tarehe za kurudi basi. Sema, "Naomba ripoti ya kumaliza tiba ya mionzi ya mgonjwa wangu, iwe na dozi, idadi ya vipindi, tarehe na sehemu iliyopigwa, na kama mpango ulichorwa kwa kompyuta naomba na faili za mpango kwenye CD au flashi." Watu wa masijala mara nyingi hawana hivi vitu, viko kwa fizisisti (mtaalamu wa fizikia anayekokotoa dozi) au kwenye kompyuta ya mipango huko nyuma, kwa hiyo omba kwa heshima uelekezwe na uwe na barua ya daktari anayekuhudumia sasa hivi, inafungua milango haraka.

Ikishatoka isome hapo hapo dirishani usiondoke. Lazima uone tarehe ya kuanza na ya kumaliza, jumla ya dozi kwa grei (grei kwenye mionzi ni kama kilo kwenye unga, ndio kipimo chenyewe), siku ngapi alipigwa, kama ni kichwa kizima au doa moja moja (doa ni kivimbe kinavyoonekana kwenye picha), na kama kuna siku alikosa na hazikufidiwa. Hiyo ya mwisho watu wanaisahau kabisa, mtu aliandikiwa siku 10 akapigwa 7 mashine ikaharibika akaenda nyumbani, halafu ripoti ya rufaa inasema 10. Kilichopangwa na kilichopigwa ni vitu viwili, wewe unataka kilichopigwa.

Faili za mpango zenyewe ni zile zinazoonyesha mionzi ilipita wapi na kila sehemu ya ubongo ilipata kiasi gani. Ziko za aina kadhaa, mpango, michoro ya viungo, dozi, na siti skani (picha ya CT) iliyotumika kuchorea, omba zote kwa mfumo wa daikomu (DICOM, mfumo wa faili za picha za hospitali) maana picha iliyopigwa kwa simu kwenye skrini haisomeki na kompyuta ya hospitali nyingine. Waliopigwa kwa mashine ya kobalti (aina ya zamani ya mashine ya mionzi) hawatakuwa na hayo, wengi walipigwa kwa njia mbili tu za pembeni, kulia na kushoto ya kichwa, na kumbukumbu ni kadi ngumu iliyojazwa kwa kalamu kila siku. Kadi hiyo ina thamani yake, piga picha pande zote mbili, mwanga uwe mzuri.

Usiseme "hospitali ipo haiendi popote". Uganda mwaka 2016 mashine pekee ya kobalti pale Mulago iliharibika moja kwa moja, nyingine ikaanza kazi mwishoni mwa 2017, na katikati hapo ilibidi wagonjwa wapelekwe Nairobi. Mtu wa namna hiyo makazi yake nchi moja na rekodi zake nchi nyingine. Mashine zinabadilishwa, kompyuta zinafutwa, fizisisti anahama. Chukua nakala ukiweza hata leo kabla hujaihitaji.

Ikishindikana kabisa kupata, usikate tamaa, kusanya vipande: risiti zenye tarehe, meseji za kuitwa kliniki, karatasi ya kuruhusiwa wodini, ile maski ya plastiki kama mliibeba nyumbani. Daktari atajenga makisio kutoka hapo, ila atalazimika kuchukulia kwamba alipata dozi kubwa, na hiyo inampunguzia nafasi ya kutibu.

Kwa nini wanahangaika na hizo namba

Ubongo haurudi sifuri baada ya mionzi ya kwanza. Unapona kiasi, miezi ikipita unapona zaidi, lakini sehemu ya dozi ya mwanzo inabaki kwenye hesabu. Dozi mbili za kawaida za kichwa kizima ni grei 30 kwa vipindi 10 na grei 20 kwa vipindi 5. Kwa macho 30 ni kubwa sana kuliko 20, ila kwa ubongo ukubwa wa kipande cha siku nao una uzito wake, grei 4 kwa siku inaumiza neva zaidi ya grei 2 mbili zilizopigwa siku mbili. Kwa hiyo fizisisti anazigeuza zote ziwe kana kwamba zilipigwa grei 2 kwa siku, na kwa fomula inayotumika kwa ubongo ile 30 inakuwa sawa na 37.5 na ile 20 inakuwa sawa na 30. Ukija kumuongezea mtu wa kwanza grei 20 kwa vipindi 10 jumla inafika 57.5. Mapitio ya tafiti yaliyotoka mwaka 2008 yalionyesha tishu za ubongo kufa kwa mionzi zilionekana pale jumla ya namna hiyo ilipopita grei 100, kwa hiyo bado kuna nafasi. Sio leseni ya kujaza hadi 100 lakini, maana kumbukumbu na akili vinaanza kuathirika mapema kuliko hapo, na shina la ubongo na mishipa ya macho vina mipaka yao ya chini zaidi.

Ndio maana "alipigwa siku 10" peke yake haitoshi.

Hakikisha kweli ni kansa imerudi

Hapa ndipo naomba usome polepole. Doa jipya kwenye picha, au doa la zamani lililokua, sio lazima iwe kansa. Kama mgonjwa alipata mionzi ya kulenga, yaani ile ya dozi kubwa kwenye doa dogo, kuna kitu kinaitwa nekrosisi ya mionzi, tishu imekufa kwa mionzi yenyewe ikavimba, na kwenye emarai (picha ya MRI) ya kawaida inafanana na kansa hadi daktari mzoefu anakuna kichwa. Mara nyingi inajitokeza kati ya miezi 6 na miaka 2 baada ya tiba. Sasa fikiria mtu ana nekrosisi halafu anaongezewa mionzi juu yake.

Kwa hiyo siti skani peke yake haitoshi kuamua mionzi ya pili. Inahitajika emarai yenye dawa ya kontrasti, ile inayochomwa ili madoa yang'ae kwenye picha, na ikiwa kuna utata waombe emarai inayopima mtiririko wa damu kwenye doa, kansa mara nyingi ina damu nyingi na nekrosisi ina damu kidogo. Kuna na spektroskopi (emarai inayopima kemikali za doa), kuna skani za PET za aina maalumu, na mwisho wa ubishi ni daktari wa upasuaji kuchukua kinyama kikapimwe maabara. Picha za zamani beba zote, daktari wa picha akilinganisha tatu nne kwa mfuatano anaona mengi kuliko akipewa moja nzuri. Kabla ya kontrasti mgonjwa apime figo.

Na kwetu huku kuna la ziada. Mtu mwenye VVU ambaye dawa hazijakaa sawa, au mtu aliyekaa na stiroidi (dawa za kupunguza uvimbe kama deksa) muda mrefu, anaweza kupata TB ya ubongo au toksoplasma (maambukizi ya kimelea kwenye ubongo), na zote zinatoa madoa yenye duara linalong'aa kama kansa. Kama hali ya VVU haijapimwa karibuni ipimwe, na kama kuna historia ya TB nyumbani iseme bila aibu.

Nekrosisi ikithibitika tiba yake ni nyingine, stiroidi kwanza, ikigoma kuna dawa ya drip inaitwa bevasizumabu, au upasuaji.

Deksa, rafiki na adui

Siku dalili zikirudi, kichwa kuuma asubuhi na kutapika, mkono kulegea, maneno kukwama, dawa inayoanza kabla ya mionzi yoyote ni deksamethasoni, yaani deksa. Haiui kansa, inapunguza maji yaliyovimba kuzunguka uvimbe, na mtu anaweza kuamka kesho yake anaongea vizuri hadi familia mnadhani amepona. Mwenye dalili za wastani huwa anapewa miligramu 4 hadi 8 kwa siku, mwenye dalili nzito hadi 16. Imezwe asubuhi na mchana baada ya kula, ukimpa usiku halali na atawakesha wote.

Shida ni kwamba watu wanaizoea. Karatasi ya dawa inaisha wananunua duka la dawa mtaani miezi na miezi bila kumuona daktari, na hapo sukari inapanda, uso unavimba kama mwezi, mdomoni utando mweupe, na mapaja yanaisha nguvu hadi mtu anashindwa kuinuka kwenye kochi au choo cha kuchuchumaa, na familia inasema kansa imeshuka miguuni kumbe ni deksa. Pimeni sukari hata kama hakuwahi kuwa na kisukari, ulizeni dawa ya kulinda tumbo, na kama atakaa nayo zaidi ya mwezi muulizeni daktari kuhusu kinga ya nimonia. Kubwa zaidi, isikatwe ghafla. Inashushwa ngazi kwa ngazi kwa ratiba ya daktari, mwili umeshaacha kutengeneza stiroidi yake na ukikata ghafla mtu anaanguka.

Dawa ya degedege nayo, kama hajawahi kupata degedege hata siku moja kwa kawaida hapewi ya kukinga. Aliyewahi kupata anapewa, siku hizi wengi wanapendelea levetirasetamu maana haigombani na dawa nyingine. Fenitoini bado ipo kwenye mahospitali mengi na inafanya kazi ila inapunguza nguvu ya deksa na ya baadhi ya dawa za kansa, kwa hiyo mwambie daktari kama anaitumia.

Njia zilizopo, na ipi inamfaa nani

Ukishakuwa na ripoti ya zamani na picha mpya, njia ni hizi, na nazieleza kwa kuangalia alichopata mwanzo.

Alipigwa kichwa kizima, sasa yamerudi madoa machache. Huyu chaguo zuri mara nyingi ni mionzi ya kulenga, kwa mashine za kulenga kama Gamma Knife au CyberKnife, au LINAC (mashine ya kawaida ya kisasa ya mionzi) iliyoandaliwa kwa kazi hiyo. Utafiti wa Marekani ulioitwa RTOG 90-05 ulifanyika kwa watu hasa ambao vichwa vyao vilishapigwa mionzi, na ndio ulitoa mipaka ambayo hadi leo madaktari wanaitaja: grei 24 kwa mara moja kama doa halizidi sentimita 2, grei 18 kwa doa hadi sentimita 3, na 15 kwa hadi sentimita 4. Unaona kadri doa linavyokuwa kubwa dozi inashuka, ndio maana kuwahi kuna faida. Kwenye utafiti huo nekrosisi ilikadiriwa kufika asilimia 11 ndani ya miaka 2. Madoa makubwa siku hizi vituo vingi vinagawa dozi kwa siku 3 au 5.

Alipata mionzi ya kulenga, sasa yameota mapya sehemu nyingine. Huyu ana nafasi nzuri, anaweza kulengwa tena hayo mapya na yale ya zamani yakaachwa. Kama mapya ni mengi mno, au yanaota kila picha, ndipo kichwa kizima kinaingia. Idadi peke yake sio mwisho wa mjadala, Wajapani walichapisha mwaka 2014 utafiti wa watu 1194 wakaonyesha wenye madoa 5 hadi 10 waliolengwa bila kichwa kizima waliishi muda sawa na wenye madoa 2 hadi 4. Hao walikuwa mara ya kwanza, lakini ulibadilisha mawazo ya wengi.

Alipigwa kichwa kizima, na sasa yamerudi mengi kila kona. Hapa ndio penye maamuzi magumu. Kupiga kichwa kizima mara ya pili kunawezekana, dozi inakuwa ya chini na vipande vidogo, mara nyingi grei 20 kwa vipindi 10, wengine wanafika 25 kwa 10. Mayo Clinic ya Marekani walichapisha mwaka 1996 habari za wagonjwa 86 waliopigwa hivyo, wengi mara ya kwanza 30 na ya pili 20, asilimia 27 dalili ziliisha, asilimia 43 zilipungua, waliobaki hawakupata nafuu. Na nusu ya wote walifariki ndani ya miezi 4 hivi. Nimeziweka namba zote mbili pamoja makusudi kwa sababu familia nyingi zinaambiwa moja tu, ama ile nzuri ama ile mbaya. Tiba hii ni ya kumpa mtu nafuu ya dalili, awe na wiki au miezi ya kuongea na kula na kutembea, na wanaofaidika ni wale ambao bado wana nguvu, kansa ya mwilini imetulia, mionzi ya kwanza iliwasaidia, na muda mrefu umepita tangu hapo. Mtu aliyemaliza mionzi miezi miwili iliyopita na tayari yamerudi, kumrudishia ile ile ni kumchosha.

Halafu kuna dawa. Hili watu wa mionzi wenyewe tunasahau kulisema. Kansa ya mapafu yenye badiliko la jeni la EGFR au ALK ina vidonge vinavyoingia kwenye ubongo vizuri, osimertinibu na alektinibu, kansa ya titi yenye protini ya HER2 nyingi nayo ina tukatinibu, na melanoma (aina ya kansa ya ngozi) ina dawa za kuamsha kinga. Kama kinyama cha mgonjwa wako hakijawahi kupimwa hivyo vitu, uliza kabla ya mionzi ya pili. Bei ndio mtihani, najua. Upasuaji nao upo kwa doa moja kubwa linalosukuma ubongo.

Na kuna njia ya kutopiga kabisa. Uingereza na Australia walifanya utafiti wa QUARTZ, ukachapishwa 2016, watu 538 wenye kansa ya mapafu iliyofika ubongoni na wasiofaa kupasuliwa wala kulengwa, nusu wakapigwa kichwa kizima kwa siku 5 nusu wakapewa deksa na matunzo tu. Tofauti ya muda wa kuishi ilikuwa siku chache, wiki 9.2 kwa 8.5. Na hiyo ilikuwa mionzi ya kwanza. Kwa mtu ambaye halali wala haketi bila kusaidiwa, tiba shufaa ya nyumbani, morfini ya maji kama ana maumivu, deksa, na watu wake pembeni, ni tiba kamili. Asikwambie mtu kwamba umemtelekeza mama.

Siku ya kukaa na daktari

Nendeni wawili, mmoja aongee mmoja aandike. Mgonjwa mwenyewe awepo kama anaelewa, hii tabia yetu ya kumficha ("mwambieni ni malaria imepanda kichwani") inaleta shida chumba cha mashine, mtu anawekewa maski hajui kwa nini anaanza kupigana.

Daktari atampima anajiwezaje, wana kipimo cha 0 hadi 100 kinaitwa Karnofsky, 70 ni mtu anayejihudumia mwenyewe ila kazi hawezi, na hapo au juu yake ndipo mionzi ya pili inaonekana kufaa zaidi. Usimpambe mgonjwa, usiseme anatembea wakati mmembeba kwenye bajaji. Daktari akijua ukweli atachagua ratiba fupi au ya upole.

Maswali ninayoomba usitoke bila kuuliza: lengo ni nini, kurefusha maisha au kupunguza dalili? Umeiona ripoti ya mionzi ya kwanza, na jumla itakuwa ngapi? Una uhakika gani sio nekrosisi? Tukisubiri picha ya baada ya wiki sita inakuwaje? Sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu inaweza kukwepwa? Dawa zipi zisimame? Hili la dawa ni zito, vidonge vya melanoma vya kuzuia jeni la BRAF husimamishwa siku kabla na baada ya mionzi, na trastuzumabu emtansini ya titi inaongeza hatari ya nekrosisi. Taja na dawa za mitishamba, hakuna atakayekugombeza, na akikugombeza taja tu.

Maski na mashine

Siku ya vipimo mgonjwa analazwa kwenye siti skani na kutengenezewa maski ya plastiki inayolainishwa kwenye maji moto halafu inabanwa usoni hadi ikauke. Ile ya zamani haitumiki. Kina mama wafumue rasta na nywele za kusuka kabla ya siku hiyo, sio baada, maana ukija na misuko kichwani maski inakaa juu ya nywele na ukifumua wiki inayofuata kichwa kinacheza ndani yake na milimita zinapotea. Deksa nayo inavimbisha uso, maski iliyotengenezwa uso umejaa inalegea deksa ikishushwa, au inabana sana kama ilianza baadaye, kwa hiyo ukiona alama nyekundu au analalamika hapumui vizuri sema siku hiyo hiyo. Anayeogopa kubanwa aseme, kuna dawa ya kumtuliza na mashimo ya macho yanaweza kukatwa.

Kwa mionzi ya kulenga emarai ya kupangia iwe mpya, ya siku chache kabla, ya vipande vyembamba. Ile ya mwezi uliopita haifai, doa linakua.

Kupigwa kwenyewe hakuumi. Kichwa kizima ni dakika chache, kulenga kunaweza kuchukua nusu saa hadi saa na zaidi. Mgonjwa hatoki na mionzi mwilini, anaweza kubeba mjukuu siku hiyo hiyo.

Kuhusu wapi: Tanzania kuna Ocean Road Dar yenye LINAC, kuna Bugando Mwanza, KCMC Moshi. Kenya kuna Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ambayo ina CyberKnife, na za binafsi kama Aga Khan Nairobi. Uganda ni Taasisi ya Saratani pale Mulago. Kuwa na LINAC sio sawa na kuwa na huduma ya kulenga madoa madogo, kwa hiyo piga simu uulize, "mnafanya stereotaksi ya ubongo, yaani mionzi ya kulenga, kwa mgonjwa aliyeshapigwa?"

Pesa na safari

Bima ikubali kwa maandishi kabla, sio kwa mdomo wa mtu wa dirishani. Kenya bima ya afya ya serikali ni SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na malipo ya kansa yana kikomo kwa familia kwa mwaka, muulize karani kimebaki kiasi gani kabla hamjaanza, ni aibu kuishia kipindi cha sita. Tanzania uliza kama kifurushi chako kinalipa emarai, maana wakati mwingine mionzi inalipwa na picha inakuwa juu yako, na kama hana bima kabisa muone afisa ustawi wa jamii wa hospitali mapema.

India nayo, kabla ya tiketi tuma ripoti na faili za mpango kwa barua pepe mpate maoni. Wengi wanaambiwa watibiwe kile kile kinachopatikana Dar au Nairobi. Na mtu mwenye uvimbe mkubwa asipande ndege bila daktari kusema deksa iwe kiasi gani safarini.

Wakati wa tiba na miezi inayofuata

Siku za kwanza kichwa kinaweza kuuma zaidi na kichefuchefu kikaja, uvimbe unaongezeka kabla haujapungua, mara nyingi deksa inaongezwa kidogo. Nywele zinatoka, na mara hii ya pili zinaweza zisirudi kama zamani. Masikio yanaziba. Ngozi ya kichwa ipakwe kile mlichoruhusiwa tu, sio mafuta ya nazi kabla ya kuingia kwenye mashine. Uchovu unakuja na unakaa, na wiki kadhaa baada ya kumaliza kuna kipindi mtu analala tu, mchana na usiku, familia inaogopa amekata tamaa. Huwa kinapita, ila mjulishe daktari ajue sio kitu kingine.

Kumbukumbu ndiyo inayoumiza familia zaidi. Atasahau alichokula, atauliza swali lile lile mara tatu. Memantini, ambayo ni dawa ya wazee wenye kusahau, imeonyesha kusaidia ikianzishwa pamoja na mionzi ya kichwa kizima na kuendelea miezi 6 hivi, tafiti zake zilikuwa za mionzi ya kwanza lakini kuuliza sio vibaya. Weka dawa kwenye kisanduku cha siku saba, asipike peke yake, pikipiki na gari aache hasa kama ana degedege.

Degedege likitokea mlaze ubavu, ondoa vitu vya kuumiza, angalia saa. Kijiko mdomoni HAPANA, kinavunja meno na kuziba hewa. Likipita dakika 5, au likirudi kabla hajazinduka, hospitali mara moja. Vivyo hivyo kichwa kikali cha ghafla na kutapika mfululizo, usingizi mzito asioamshika, homa akiwa kwenye deksa, au upande mmoja kufa ghafla. Usisubiri kliniki ya Alhamisi.

Picha ya kwanza ni miezi 2 hadi 3 baada ya kumaliza, halafu kwa vipindi hivyo hivyo. Ile ya kwanza inaweza kuonyesha doa limekua kumbe ni uvimbe wa mionzi, kama mgonjwa yuko vizuri daktari anaweza kusubiri picha nyingine kabla ya kusema lolote, na huko sio kuzembea.

Mara ya tatu je? Mionzi ya kulenga kwenye madoa mapya inaweza kurudiwa, wapo waliolengwa mara kadhaa kwa miaka, mradi kila doa ni jipya na hesabu inaruhusu. Doa lile lile kulengwa tena ni hatari zaidi na linajadiliwa moja moja. Kichwa kizima mara ya tatu, mimi sijakiona kikipangwa na sidhani kama daktari wako atakitaja.